Mama Peremende na Msitu wa Visindano

Katika karakana ile nyeupe ya ghorofa moja, kila mtu alikuwa na tendo lake. Mhandisi alipima. Bwana Tone alimimina. Mama Peremende alibandua. Wengine walifunga, wakahesabu, wakaosha; lakini matendo hayo matatu ndiyo yaliyokuwa uti wa mgongo wa kazi, na kwa muda wa miaka minne hakuna aliyeingiza mkono wake katika tendo la mwenzake.

Kilichotengenezwa pale kilikuwa kibandiko cha dawa, upana wake kama kidole gumba, na upande wake mmoja uliota visindano mia moja, safu kumi kwa kumi. Urefu wa kisindano kimoja haukufika milimita moja. Ukivipitishia kidole ungehisi mkwaruzo mwembamba, mfano wa ulimi wa paka, basi. Wala havikuwa vya chuma. Vilikuwa vya sukari na gundi, vikachanganywa na dawa yenyewe. Vikibanwa juu ya ngozi vilizama, vikayeyuka, vikaiacha dawa ndani, na mgonjwa akabaki akiuliza sindano itakuja lini.

Namna ya kuvipata ilikuwa hivi. Kwanza palikuwa na kalibu mama, bamba la chuma lililochongwa kwa mwanga wa leza hadi likasimamisha ncha mia moja. Juu ya bamba hilo ulimwagwa mpira laini, nao ulipoganda na kuvuliwa ulibaki na vishimo mia moja vyembamba. Ndani ya vishimo hivyo Bwana Tone alimimina shira, tone kwa tone, halafu akawasha pampu ya kunyonya hewa ili shira ishuke mpaka chini kabisa, mahali ambapo ncha huzaliwa. Kisha kalibu zilipangwa katika masinia matatu, masinia yakaingizwa katika kabati la kukaushia, na kabati likafungwa kwa siku mbili, ufunguo wake ukakaa shingoni mwa Mama Peremende. Siku ya tatu Mama Peremende aliketi mbele ya meza, akaushika mpira kwa pembe, akaurudisha nyuma polepole kama mtu anayemvua mtoto soksi bila ya kumwamsha. Visindano vikatoka vimesimama juu ya bamba lao dogo.

Mikono hiyo ilikuwa imefunzwa mahali pengine. Kwa miaka thelathini mama huyu alipika peremende katika kiwanda kidogo cha mama yake mkubwa, chumba kimoja chenye moshi, majiko mawili na madirisha yasiyofunguka. Alijua sukari kama wengine wanavyojua tabia za waume zao. Mama mkubwa alipofariki na kiwanda kikafungwa, siku ya kuuza vyombo alikuja mwanamke mmoja kijana aliyevaa miwani, akaokota peremende moja ya mwisho, akaigeuza mbele ya mwanga.

"Mama," akauliza, "hii mbona inanata, na zile nilizonunua jana hazikunata?"

"Kwa sababu jioni itanyesha."

Mbingu ilikuwa nyeupe, haina hata wingu. Jioni ikanyesha. Kesho yake mwanamke huyo, ambaye ndiye mhandisi wa karakana, akarudi na barua ya kazi.

Hivyo ndivyo Mama Peremende alivyoingia katika koti jeupe, glavu na barakoa, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne, na ndivyo jina lake la peremende lilivyomfuata mpaka pale. Jambo lililomshangaza zaidi ya yote lilikuwa hadubini. Mara ya kwanza alipoinamisha jicho lake aliona msitu. Miti mia moja ya kioo ilisimama katika uwanja usio na upepo, kila mmoja umechongoka kuelekea juu, na mwanga ukipita katikati yake kama asubuhi isiyotaka kuisha. Hapakuwa na ndege, hapakuwa na majani, hapakuwa na njia. Tangu siku hiyo kila alipokagua bamba alikawia. Alitembea mle ndani. Aliegemea shina hili, akapumzika chini ya lile, na sauti za karakana zikamjia kutoka mbali, kama sauti za watu wanaoongea ng'ambo ya ukuta.

"Shangazi amekwenda msituni," Bwana Tone alizoea kuwaambia wenzake. "Akirudi na kuni, mniite."

"Kuni zenyewe ukipata moja utaitafuta kwa miwani," Mama Peremende alijibu bila ya kuinua jicho.

"Basi niletee ya kuchokolea meno."

Bwana Tone hakuwa na udugu wowote naye. Jina la shangazi lilikuwa la utani na heshima pamoja. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye mikono mikubwa iliyofaa kupasua mawe, na watu walistaajabu kuona mikono hiyo ikidondosha shira bila ya tone moja kuwa kubwa kuliko jingine. Hakujisifu kwa lolote isipokuwa hilo. Uso wake ulikuwa wa kawaida, sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata mzaha wake ulikuwa wa kawaida. Ila tone lake, alisema, halina mwenziwe.

Katika mwaka wa nne mvua zilianza mapema, zikawa hazikatiki. Maji yaliteremka madirishani mchana kutwa, taa ziliwashwa saa nne asubuhi, na chumba cha kukaushia kikawa kama tumbo la kitu kikubwa kilicholala, kikivuma kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka. Majuma mawili baada ya mvua kuanza, visindano vilianza kushindwa.

Kipimo cha nguvu kilikuwa chepesi. Karatasi nyembamba ya nta ilikunjwa mara kadhaa mpaka ikawa na tabaka nane, bamba likabanwa juu yake kwa uzito maalumu, kisha tabaka zikafunguliwa moja moja na matundu yakahesabiwa. Bamba zuri lilitoboa mpaka tabaka la tatu, matundu mia kwa mia. Sasa yalipatikana mabamba yaliyotoboa matundu arobaini katika tabaka la kwanza, na katika la pili hakuna. Ncha zilipinda, nyingine zikamomonyoka. La ajabu ni kwamba sinia la katikati lilikuwa salama siku zote. Yaliyoshindwa yalikuwa la juu na la chini.

Mama Peremende alitazama katika hadubini, akaona ukungu umetanda juu ya vilele vya miti yake. Mashina yalikuwa safi. Juu tu, mahali pa ncha, kioo kilikuwa cheupe kama jicho la mzee.

"Sukari imerudi chembechembe," alimwambia mhandisi. "Huu ni unyevu, mwanangu. Nimeuona maisha yangu yote."

"Unyevu utoke wapi, mama?" Mhandisi hakusema kwa ukali. "Kabati lina chembe za kunyonya unyevu, mpira wa mlango ni mpya, na mlango haufunguliwi. Tazama daftari lako mwenyewe."

Akatazama. Katika daftari la kabati palikuwa na safu iliyoandikwa *Mlango umefunguliwa mara ngapi*, na chini yake, siku baada ya siku, kwa mwandiko wake wa duara, palikuwa na sifuri. Akalifunga daftari. Huo ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Mhandisi aliendelea kutafuta, na kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, aliupata mwelekeo ulioonekana kuwa na maana. Bwana Tone alijaza sinia la juu kwanza na sinia la chini mwisho. Basi mwanzoni mkono haujatulia, mwishoni umechoka. Katikati tu ndipo unapokuwa sawa. Pengine viputo vya hewa vilibaki katika vishimo, na shira yenye viputo huharibika ncha. Alisimama nyuma ya mmiminaji kwa siku tatu na saa yake mkononi. Siku ya nne akamwita ofisini, na alipotoka, Bwana Tone alikwenda moja kwa moja kuketi juu ya benchi la chumba cha kubadilishia nguo, glavu bado mikononi.

"Nini?" akauliza Mama Peremende.

"Napelekwa kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Mmiminaji mwingine anakuja Alhamisi ya juma lijalo."

"Umemwambiaje?"

"Nimwambie nini? Hesabu zake nimeziona. La juu bovu, la chini bovu." Akainua mikono yake miwili, akaitazama kama vitu alivyoazimwa. "Shangazi, jana nyumbani nimedondosha maji juu ya sahani kuanzia saa kumi mpaka chakula kikapoa. Mke wangu akaniuliza kama nafua sahani. Matone yote yalikuwa sawa. Lakini labda macho nayo yamekwisha, maana mtu aliyechoka atajuaje kwamba amechoka?"

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu. Mama Peremende aliketi karibu naye, mvua ikapiga bati la paa, na aliona wazi kwamba ikiwa mtu huyu ataondolewa kwenye meza ya kumiminia, hatakuwa tena na kitu chochote cha kuonea fahari.

Jumapili alikuwa nyumbani. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa na suruali ya mteja ya kupunguza kiuno, akaishona karibu na dirisha ili kuokoa umeme. Cherehani ilikwenda, ikasimama, ikaenda. Mama Peremende alijinyoosha juu ya kochi baada ya chakula cha mchana, mto wa kichwa mmoja chini ya shingo na mingine miwili tumboni, akasikiliza mvua na cherehani mpaka vikawa kitu kimoja.

Akajikuta msituni. Safari hii hakuinamia kioo. Alikuwa amesimama humo kwa miguu yake, na miti ilikuwa mirefu kuliko nyumba. Ardhi ilikuwa laini, yenye utamu uliopanda mpaka puani. Mama mkubwa alitangulia mbele yake, mgongo wake mpana umefungwa kanga kuukuu iliyojaa madoa ya sukari, na kichwani amebeba sinia. Hakugeuka kumtazama. Alifika kwenye safu ya rafu zilizoning'inia hewani bila ya kamba, akalitoa sinia la juu, akalishusha. Akalitoa la chini, akalipandisha. La katikati hakuligusa. Kisha akaendelea mbele mpaka kwenye rafu nyingine, akafanya vilevile, na kila alipofanya hivyo ukungu ulishuka kutoka juu, polepole, ukakaa kwenye vilele vya miti. Mama Peremende alitaka kumwita, lakini mikono yake mwenyewe ilikuwa imejaa. Naye alikuwa amebeba sinia. Naye alikuwa akigeuza.

"Wewe," ilisema sauti. "Wewe, bibi. Unaniharibia mito."

Akafumbua macho. Mumewe alikuwa ameacha kushona, anamtazama juu ya miwani, pini tatu mdomoni.

"Nimefanya nini?"

"Umeuchukua mto wa juu ukauweka chini, wa chini ukauweka juu. Mara tatu. Nilidhani unatafuta ubaridi, lakini ulikuwa umelala fofofo." Akatoa pini mdomoni. "Ulikuwa unageuza nini huko ulikokuwa?"

Alikaa kitako juu ya kochi, akaitazama mikono yake, na kitu kikateremka kifuani mwake taratibu, kizito, kama shira inayoshuka ndani ya kishimo ikitafuta chini.

Katika kiwanda cha peremende masinia yaligeuzwa. Lilikuwa jambo lisilofundishwa kwa maneno. Jioni ya siku ya kwanza, kabla ya kwenda nyumbani, ulilishusha la juu na kulipandisha la chini, kwa sababu moto hukaa juu na baridi hukaa chini, na peremende zote zina haki ya kukauka sawa. Alikuwa amefanya hivyo tangu akiwa na miaka ishirini na minne. Na katika karakana ile nyeupe, kila jioni ya siku ya kwanza, wenzake wakiwa wanavua makoti, alifungua kabati, akalitoa la juu akaliweka mezani, akalitoa la chini akalipandisha, akalichukua la mezani akaliweka chini, akafunga. Dakika mbili, tatu kwa wingi. Kisha akachukua kalamu akaandika sifuri. Hakuwa akisema uongo. Kwake yeye kufungua mlango kulikuwa kutoa kitu au kumwonyesha mtu kitu. Kugeuza masinia hakukuwa kufungua mlango, kama vile kupepesa hakukuwa kufumba macho.

Wakati wa kiangazi haikudhuru, wala katika mvua fupi za miaka iliyotangulia. Katika mvua hii isiyokatika, hewa ya chumba ilikuwa imelowa, na masinia mawili yalitoka katika ukavu yakaogeshwa humo. Peremende isingejali, peremende ni nene, unyevu ungegusa ngozi yake tu. Lakini ncha ya kisindano yote ni ngozi.

Akamweleza mumewe. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akaikunja suruali, akaikunjua.

"Basi usigeuze tena," akasema.

"Nisigeuze, visindano vitoke vizuri."

"Ee."

"Na kumimina kumesimamishwa mpaka mmiminaji mpya afike Alhamisi. Watasema nini?"

Fundi akafikiri. "Watasema amekuja mtu mwenye mkono."

"Na Bwana Tone?"

Cherehani ilikuwa kimya. Nje maji yalipita katika mfereji, yakabeba jani, yakaliacha. "Mimi," fundi akasema hatimaye, "niliwahi kumkatia mtu koti likawa fupi. Nikamwambia amerefuka. Alikuwa mtu wa miaka sitini. Akaniamini, akaenda zake akijinyoosha njia nzima." Hakucheka. "Mpaka leo nikimwona navuka barabara."

"Unanishauri niseme."

"Nakueleza habari za koti."

Jumatatu aliamka na mwili mzito. Njiani vitu vyote vilionekana vimefunikwa kioo cha maji: maduka, miavuli, miguu ya watu. Mara mbili alitamani karakana iwe mbali zaidi. Alifikiria miaka thelathini na minne ya mikono yake, jina lililotokana nayo, na mhandisi aliyempa kazi kwa sababu alitabiri mvua. Akafikiria kwamba hakuna shahidi hata mmoja duniani, isipokuwa mumewe na mito mitatu. Hata hivyo miguu ilikwenda, na alipogutuka alikuwa amesimama mbele ya meza ya mhandisi, mwavuli ukidondosha maji sakafuni.

"Si mkono wa Bwana Tone," akasema. "Ni mimi. Nageuza masinia."

Mhandisi aliinua kichwa. "Unayageuza vipi?"

Akamwonyesha hewani: la juu chini, la chini juu. Mhandisi aliifuata mikono ile kwa macho, mara moja, mara mbili, na katika mara ya pili rangi ya uso wake ilibadilika, kwani alikuwa ameiona katikati isiyoguswa.

"Lakini daftari linasema sifuri."

"Niliandika mimi. Sikujua kwamba nafungua."

"Mama." Mhandisi alivua miwani. "Siku tatu nimemsimamia mtu mgongoni kama askari. Nimemwandikia barua."

"Najua, mwanangu. Niandikie na mimi, nimeistahili."

Mhandisi hakuwa mtu wa kupokea neno bila ya kipimo, hata neno la kujishtaki. Akasema kwamba mmiminaji mpya atafika Alhamisi, na barua ya uhamisho itabaki kama ilivyo mpaka hapo. Leo Bwana Tone atamimina masinia matatu kwa mpango uleule, la juu kwanza na la chini mwisho. Mlango utabandikwa utepe wenye sahihi yake. Jumatano yatatolewa. Yakishindwa tena, Mama Peremende atakuwa amejitwisha kosa lisilo lake, na Bwana Tone ataondoka.

Bwana Tone aliambiwa kila kitu papo hapo, akiwa mlangoni. Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaketi mbele ya kalibu, akamimina. Siku hiyo hakuna aliyesimama nyuma yake. Pampu ilivuma, viputo vikapanda, vikapasuka, shira ikashuka. Saa nane mchana utepe ukabandikwa.

Jioni ilipofika saa ya kugeuza, Mama Peremende aliketi juu ya benchi nje ya chumba cha kukaushia, mikono imewekwa mapajani, nayo ikawa haitulii. Vidole vilijikunja na kujikunjua, vikitafuta ukingo wa sinia. Bwana Tone alitoka akiwa amekwisha kuvaa nguo za nyumbani, akamwona, akaketi mwisho wa benchi, mbali kidogo.

"Vinakuwasha?"

"Vinaniwasha."

"Vikalie."

Akavikalia kweli. Walikaa hivyo, wakiusikiliza mvumo wa kabati.

"Nimekasirika," akasema Bwana Tone baada ya kitambo. "Usidhani nimekuja kukuambia hapana neno."

"Sikudhani."

"Niliacha kujiamini, shangazi. Nilikuwa nikimimina chai nyumbani natetemeka. Mwanamke wangu akawa anamimina yeye, kama mtu amhudumiavyo mgonjwa." Akapangusa uso. "Ungenyamaza ningeosha vyombo mpaka nistaafu, na ningeamini kwamba ndiko nilikostahili."

"Nilitaka kunyamaza. Njia nzima asubuhi."

"Najua. Mimi pia ningetaka." Akainuka, akafunga vifungo vya koti la mvua. "Endelea kuvikalia."

Jumanne ilipita kama siku iliyoota yenyewe. Mvua haikukoma, taa hazikuzimwa, na kila aliyepita mbele ya kabati alitembea kwa nyayo nyepesi, ingawa hapakuwa na sababu. Mama Peremende alibandua mpira mtupu kutoka kwenye kalibu mama, akaosha, akapanga, akafanya kila kazi ndogo iliyopatikana. Na kila alipofumba macho aliuona msitu ukikauka gizani peke yake, mti baada ya mti, bila ya kuhitaji mkono wa mtu yeyote.

Jumatano asubuhi utepe ulikatwa. Mhandisi aliyatoa masinia mwenyewe, akayaweka mezani kwa mpangilio wake, na Mama Peremende akaketi. Alibandua bamba moja kutoka sinia la juu, moja kutoka la katikati, moja kutoka la chini, kisha jingine na jingine, mpaka kila sinia likawa limetoa mabamba manne. Mpira ulirudi nyuma kwa mlio mdogo, kama mtu anayebusu shavu la mtoto aliyelala. Hakutazama katika hadubini. Aliogopa.

Mhandisi alikunja karatasi ya nta, akabana, akafungua. Bwana Tone alisimama kando, mikono nyuma. La katikati lilikuja kwanza, kama kawaida, matundu mia katika tabaka la tatu. Kisha la chini. Mhandisi aliinua karatasi mbele ya taa, akahesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikichezacheza.

"Tisini na nane," akasema. Akachukua nyingine. "Mia. Mia. Tisini na tisa."

Akalibana la juu. Lile la juu ndilo lililomiminwa kwanza, na mkono ambao haujatulia. Akafungua tabaka la kwanza, la pili, la tatu, akalishika la tatu mbele ya taa, na mwanga ukapita katika matundu yake ukaanguka juu ya koti lake, nukta nyingi zilizopangwa safu kwa safu.

"Mia," akasema. Akarudia kuhesabu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake. "Mia."

Mabamba matatu yaliyobaki ya juu yalipotoboa vilevile, alikwenda ofisini, akakaa kidogo, na kupitia kioo walimwona akiongea kwa simu, akiinamisha kichwa kila baada ya maneno machache kama mtu anayeomba radhi. Aliporudi alisimama mbele ya Bwana Tone.

"Mmiminaji mpya hatakuja," akasema. "Nilikosea, kaka. Nilipima mkono wako nikasahau kupima chumba. Nisamehe."

Kwa Mama Peremende alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa onyo, nalo liliandikwa bila ya ukali na bila ya kupunguza kitu. Ya pili ilimwondolea ufunguo wa kabati kwa mwaka mzima. Angebandua, lakini kukausha hakumhusu tena. Alizisoma zote mbili akiwa amesimama, akatia sahihi, akauvua ufunguo kutoka shingoni. Kamba yake ilikuwa na joto la mwili. Mhandisi aliupokea kwa mikono miwili.

Bwana Tone alikuwa bado amesimama palepale. Midomo yake ilisogea kama anayetafuta mzaha, akaukosa, akaacha. Alikwenda kwenye ndoano, akachukua aproni yake, akaifunga. Fundo halikukaa, Mama Peremende akamfungia kwa nyuma.

"Shira ya leo nani ameichanganya?" akauliza Bwana Tone.

"Hakuna," akasema mhandisi. "Tulikuwa tunangoja."

"Basi tumechelewa."

Akaipima sukari, akaipima gundi na dawa, akamimina maji moto, akaanza kukoroga. Chumba kilijaa harufu tamu. Mwiko uligonga ukingo wa chombo, tena, tena, kwa mwendo uleule. Kisha akaivuta shira ndani ya bomba lake, akainama juu ya kalibu ya kwanza, na mkono wake mkubwa ukatulia hewani.